Uzamili wa elimu ya sayansi: mtu husomea nini hasa?

Shahada ya uzamili katika elimu ya sayansi huchunguza jinsi sayansi inavyofundishwa na jinsi wanafunzi wanavyoielewa. Walimu wengi wanaoiulizia hudhani wanakwenda kuongeza kemia au fizikia. Sivyo. Anayetaka kemia zaidi huomba uzamili wa kemia na kushinda maabara. Wa elimu ya sayansi anachokichunguza ni darasa lenyewe.

Waulize wanafunzi wa kidato cha pili: shina la mwembe mkubwa limetokana na nini? Wengi watajibu udongo, hata waliokariri neno kwa neno mlinganyo wa usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga. Katika karne ya 17, mwanakemia Jan Baptista van Helmont alipanda mche kwenye chombo chenye udongo wa kilo 90 hivi, akawa anaumwagilia maji tu. Baada ya miaka 5 mti ulikuwa umeongezeka zaidi ya kilo 70, ilhali udongo ulipungua gramu 60 hivi. Yeye alihitimisha kwamba mti wote umetokana na maji. Leo tunajua kwamba sehemu kubwa ya uzito mkavu wa mti (ukiondoa maji) hutoka kwenye kabonidayoksaidi, yaani hewani. Sasa, kwa nini mwanafunzi mwenye alama nzuri bado anaamini kuwa mti hula udongo, na mwalimu aanzie wapi kumtoa huko? Maswali ya namna hiyo ndiyo kiini cha shahada hii.

Mwaka 1986 Lee Shulman, msomi wa Marekani, alieleza kwamba mwalimu anahitaji maarifa ya aina ya pekee: si kulijua somo tu, wala kujua mbinu za jumla za kufundisha tu, bali kujua mfano upi unaifungua mada fulani na wanafunzi hukwama wapi katika mada hiyo. Kwa maoni yangu, aliyeshika chaki miaka michache hufaidi hoja hii kuliko anayetoka moja kwa moja shahada ya kwanza.

Kwa kawaida masomo huanza na kozi: nadharia za ujifunzaji, mitaala, upimaji, takwimu na mbinu za utafiti. Kisha huja tasnifu, yaani andiko la utafiti wa mwanafunzi mwenyewe, na hapo ndipo wengi huchelewa. Pendekezo la utafiti hurudishwa na msimamizi mara kadhaa, na barua za kibali hutoka chuoni, zikapita mkoani na wilayani kabla ya kufika kwa mkuu wa shule. Mwanafunzi anayesubiri mihula ya shule ifunguliwe ndipo afuatilie barua hupoteza miezi mingi.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutoa shahada hii, na Chuo Kikuu cha Rwanda kina kituo cha umahiri cha ufundishaji wa hisabati na sayansi. Kwa Tanzania, mada ninayotamani iandikiwe tasnifu nyingi zaidi ni lugha: mtoto husoma sayansi kwa Kiswahili katika shule nyingi za msingi, kisha kidato cha kwanza anaikuta kwa Kiingereza. Asipojibu swali la fizikia kuhusu msukumo, mwalimu hana budi kupambanua kama hakuielewa dhana au hakulielewa swali, na mtihani wa kuandika peke yake haumwonyeshi tofauti hiyo.