Mnataka kuiwashia nani hiyo BRCA1?

Nimeulizwa tena, na safari hii na mtu mwenye ripoti mkononi: "Dokta, wameandika BRCA1 ya uvimbe imezimwa kwa methilisheni. Kuna mama anauza unga wa mlonge na manjano unaowasha jeni. Mgonjwa aanze sasa au asubiri kemo iishe?"

Mlonge sina ugomvi nao, mboga nzuri. Ugomvi wangu ni na hii imani kwamba jeni ya kuzuia saratani, kama hii BRCA1, ikizimwa, dawa ni kuiwasha, na kila kinachoiwasha ni heri. Kwenye saratani ya ovari mambo yamekaa kinyume, tena kinyume kabisa.

Msingi nitaupita mbio. BRCA1 iko kromosomu ya 17. Mary-Claire King alionyesha eneo lake mwaka 1990, jeni yenyewe ikapatikana 1994. Kazi yake kubwa ni kutengeneza DNA iliyokatika nyuzi zote mbili. Seli ikiikosa, hitilafu zinarundikana. Kuikosa kuna njia tatu: umerithi nakala mbovu kwa mama au kwa baba (ndiyo, hata kwa baba), uvimbe umeiharibu wenyewe bila wewe kurithi chochote, au herufi za jeni ziko sawa, ila vikundi vya methili vimebandikwa kwenye promota, yaani swichi ya jeni, na jeni haisomwi (hiyo ndiyo methilisheni). Atlasi ya Jenomu ya Saratani ya Marekani, iliyochapishwa 2011, ilichunguza uvimbe 489 wa ovari wa aina ya serasi ya daraja la juu na kukuta BRCA1 imezimwa kwa methilisheni katika takriban 11%. Ndiyo maana damu inatoka safi, ukoo mzima hauna historia, na bado uvimbe hauna BRCA1 inayofanya kazi.

Na kabla hamjaanza kuulaumu mlo wa mgonjwa: mwaka 2018 watafiti wa Norway walionyesha kwamba wanawake wengine wasio na saratani wana methilisheni hii katika sehemu ndogo ya seli zao za damu, na kwamba inaendana na hatari kubwa zaidi ya kupata saratani hii. Waliikuta hadi kwa watoto wachanga. Mtoto ambaye kitovu hakijadondoka hajala chipsi za mtu.

Sasa tuje kwenye kinachonikera. Uvimbe uliopoteza BRCA1 umepoteza fundi wake. Karboplatini, dawa ya kemo ya jamii ya platini, inaiharibu DNA, fundi hayupo, seli inakufa. Vizuizi vya PARP, dawa zinazozuia kimeng'enya kingine cha kurekebisha DNA, vinategemea pengo hilo hilo. Maabara zilionyesha mwaka 2005, na olaparibu, mojawapo ya dawa hizo, ikaidhinishwa Marekani mwaka 2014. Udhaifu wa seli hizi ndio mlango tunaoingilia. Ukiiwasha BRCA1 ndani ya uvimbe, unaufunga mlango huo kwa mikono yako.

Na uvimbe hauhitaji unga kufanya hivyo. Katikati ya kemo, seli chache ambazo methili zao zimedondoka zinabaki hai, zinazaana, na mgonjwa anarudi na uvimbe unaorekebisha DNA vizuri na kuicheka platini. Wale wenye jeni iliyoharibika nao wana njia yao: kosa la pili linalosahihisha la kwanza, jeni ikasomeka tena. Kwa hiyo unga ule, kama ungefanya kweli kinachotangazwa, ungekuwa unamsaidia adui. Nashukuru hakuna aliyethibitisha kwamba unafanya.

Mtanirushia azasitidini na desitabini, dawa halisi zinazopunguza methili, zinazotumika kwenye magonjwa ya uboho. Ni kweli, na desitabini imejaribiwa kwa wenye saratani ya ovari iliyogoma kusikia platini. Lakini matumaini pale ni kuamsha jeni nyingine, kwa mfano MLH1, ambayo ikinyamaza seli inavumilia platini. Tatizo ni kwamba dawa hizi hazichagui. Zinabandua jenomu nzima, za kuamshwa na za kuachwa zilale. Ndiyo maana nikisikia "kuwasha jeni" nauliza: ipi, kwenye seli zipi, na mgonjwa yuko kwenye dawa gani?

Hata hilo neno "imezimwa" kwenye ripoti haliniridhishi. Uvimbe unaweza kuwa na nakala mbili za BRCA1, tatu, au nne. Utafiti ulioongozwa kutoka Australia, uliochapishwa 2018, ulionyesha kwamba rukaparibu, kizuizi kingine cha PARP, iliitikiwa pale nakala zote zilipokuwa na methili. Ikibaki moja wazi, hiyo moja inatosha kuharibu hesabu. Sasa fikiria kinyama, yaani kipande cha uvimbe, kilichokuja maabara: ndani yake kuna seli za uvimbe, mishipa ya damu, limfosaiti (seli nyeupe za kinga), na hizo za kawaida hazina methili. Kipimo kikisema 60% ya nakala zina methili, je, ni uvimbe uliofungwa wote ukichanganyika na seli za kawaida, au ni uvimbe wenye nakala iliyofunguka? Tunakadiria kiasi cha seli za uvimbe kwa jicho la mpatholojia, tunapiga hesabu, na kuna siku tunabishana mpaka chai inapoa.

Kuna jambo jingine vitabu vinalipita kimya. Katika takwimu zile za 2011, wenye BRCA (BRCA1 au jeni mwenzake BRCA2) iliyoharibika waliishi muda mrefu kuliko wengine, lakini wenye BRCA1 iliyozimwa kwa methili hawakuwazidi wale ambao BRCA yao ilikuwa nzima. Maelezo rahisi ni kwamba methili hubanduka. Nashuku pia kundi lile lilichanganya waliofungwa nakala zote na waliofungwa nusu. Kwa data ile peke yake siwezi kutenganisha haya mawili, na anayekueleza kwa uhakika kamili mtilie shaka.

Usinionyeshe pia kipimo cha makovu ya jenomu kama jibu la mwisho. Makovu yanaeleza kwamba wakati fulani utengenezaji wa DNA ulishindikana. Fundi akirudi, makovu hayafutiki. Kwa hiyo ukiniletea ripoti, niambie kinyama kilikatwa lini. Kama ni kile cha upasuaji wa kwanza, kilichohifadhiwa kwenye nta, na mgonjwa ameshapita kemo mizunguko kadhaa na ugonjwa umerudi, naomba kipya.