Umefukuzwa hospitali kisa chanjo? Nianze na swali moja

Mimi ni wakili wa kesi za kazi huku Marekani na manesi ndo wananitafuta sana, meseji zao zinafanana, nilikataa chanjo wakanifukuza, huo si ubaguzi? Nami nauliza, ulikataa kwa sababu gani na uliwaandikia nini. Kulazimishwa chanjo peke yake sio ubaguzi kisheria, najua watu hawapendi kusikia hivyo. Januari 2022 Mahakama ya Juu iliipitisha kwa kura 5 kwa 4 amri ya chanjo ya korona kwa wafanyakazi wa vituo vya afya vinavyopokea hela za Medicare na Medicaid (bima za afya za serikali, za wazee na za watu wa kipato kidogo), na siku hiyohiyo ikaizuia ile ya makampuni yenye wafanyakazi 100 kwenda juu. Amri ya hospitali ilifutwa 2023, ila chanjo ya mafua hospitali nyingi zinadai zenyewe tu.

Kesi inazaliwa ukisema dini yangu hairuhusu (Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964) au mwili wangu hauruhusu, mfano una aleji kali (sheria ya walemavu ya 1990). Hapo bosi lazima akae na wewe mtafute namna, labda barakoa, labda kuhamishwa kitengo.

Dini ndo penye utata. Kuna jamaa wa hospitali moja aliandika kurasa 22, ishirini na mbili jamani, kueleza kwanini hataki chanjo ya mafua, na miaka miwili mfululizo kabla ya hapo walikuwa wamemkubalia, lakini 2017 mahakama ya rufaa ya Philadelphia ikasema zile ni hofu za kiafya tu, si dini. Hospitali nazo zinajikwaa kizembe kabisa, kuna moja North Carolina 2018 ililipa dola 89,000 baada ya kuwakatalia watu waliochelewa tarehe ya mwisho ya kuomba wasichanjwe kwa sababu ya dini, yaani shida yote fomu!

Kikubwa kilichobadilika ni 2023. Tangu 1977 ilitosha mwajiri aseme kukupisha ufuate dini yako kutamgharimu kakitu, sasa Mahakama ya Juu inasema (kesi ilikuwa ya mtu wa posta aliyekataa kazi Jumapili) lazima aonyeshe mzigo mkubwa kweli kwa kazi zake. Kwa nesi wa ICU hospitali bado inaweza kujitetea, mgonjwa akiambukizwa huo ni mzigo, ila kwa anayeandaa bili akiwa nyumbani kwake sijui watamwambia nini jaji.

Halafu siku. Malalamiko yanaenda EEOC, tume ya serikali kuu inayoshughulikia ubaguzi kazini, ndani ya siku 180, au 300 kama jimbo lina tume yake, na zinahesabiwa tangu ulipoambiwa umefukuzwa, sio rufaa ya ndani ya hospitali ilipoisha. Dada mmoja alinijia na barua safi, imani yake iko wazi, HR hawakuwahi hata kumjibu, alikuwa anasubiri rufaa. Nikahesabu, siku ya 312.