Gemu za onlaini na urafiki wa madogo: yanayosemwa na yaliyopo

Kila nyumba utasikia eti dogo akishajifungia chumbani na Free Fire, ile gemu ya kurushiana risasi kwenye simu, basi hana marafiki. Nani kasema? Skwadi ya Free Fire ni watu wanne, wana earphone masikioni wanaelekezana, wanataniana, wanagombana, na mara nyingi hao watatu ni walewale anaokaa nao darasani. Ndo maana ukimwambia zima sasa hivi anakuja juu, mechi ya onlaini huwezi kuisimamisha ukairudia baadae, akitoka kawaacha wenzie wanachapwa. Msubirie mechi iishe bana, ni dakika 10 au 15 tu hivi.

Haya, na wale asiowajua hata sura? Si marafiki wa kweli, wanasema. Kuna kijana wa Norway, Mats Steen, alikuwa na ugonjwa wa misuli, alicheza gemu ya onlaini ya World of Warcraft miaka na miaka, kafariki 2014 akiwa na miaka 25. Wazazi wake walikuwa wanaumia wakidhani mtoto kaishi mpweke, baba mtu alipotangaza msiba mtandaoni meseji za aliokuwa anacheza nao zikaanza kumiminika toka nchi mbalimbali, wengine wakapanda ndege kabisa kuja kuzika. Ila sio kila mtu huko ni mwema, anayemuahidi dogo daimondi (pesa ya ndani ya gemu) za bure halafu anaomba picha au namba ya WhatsApp pembeni, huyo blok fasta.

Lingine, eti masaa mengi = uteja. Shirika la Afya Duniani limeuweka ugonjwa wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, na humo hawahesabu masaa. Wanaangalia kama mtu kashindwa kujizuia, gemu imepita kila kitu, na anaendelea japo shule, usingizi na mahusiano vinaharibika, tena kwa kawaida iwe miezi 12. Dogo wa likizo anayecheza mpaka saa sita usiku asubuhi kaamka, kala, katoka na wenzie, huyo sio mgonjwa. Anayenifanya niulize maswali ni yule aliyeacha hata mpira alioupenda, maana wengine wa hivyo huenda upweke ulianza kabla, gemu ikaja kuuzidisha.

Na wale wa "serikali ipige marufuku"? Korea Kusini walijaribu 2011, chini ya miaka 16 hakuna gemu za onlaini kuanzia saa sita usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Madogo wakaingia kwa vitambulisho vya wazazi, wengine wakahamia kwenye simu ambako sheria haikuwagusa, 2021 serikali yenyewe ikaamua kuifuta.