"Naomba nikavute moja tu nitulie": mvutaji na siku ya kung'oa gego

Ombi hilo nalisikia mara nyingi hapa Mtwara, na karibu kila mara linatoka kwa mtu mzima mwenye mikono inayotetemeka. Wa karibuni alikuwa kijana wa bodaboda kutoka Mikindani. Gego lake la mwisho la chini lilikuwa limelala ndani ya ufizi, na kwa miezi kadhaa alikuwa akitafuna upande mmoja. "Daktari, dakika mbili tu, nivute moja nirudi." Nilimwomba akae kwanza, nikamweleza jambo ambalo natamani kila mvutaji alijue kabla hajafika kwenye kiti changu: sehemu kubwa ya wasiwasi ule siyo woga wa koleo. Ni arosto, yaani mwili unaodai nikotini uliyoizoea.

Nikotini haikai sana mwilini. Kila baada ya saa mbili hivi, kiwango chake kwenye damu hupungua kwa nusu. Mtu aliyevuta alfajiri, akapanda gari kutoka Tandahimba au Nanyamba, akakaa foleni mpaka saa nne, anaingia chumbani kwangu mwili wake ukidai. Hatulii, hasira ziko karibu, kifua kinambana. Akivuta anatulia, basi anaamini sigara ni dawa ya woga. Kumbe imetuliza kiu iliyoileta yenyewe. Kijana wangu alinyamaza kidogo, akasema, "Kwa hiyo hapa siogopi kama ninavyodhani." Ndivyo.

Woga unaobaki tunaumudu pamoja. Omba nafasi ya asubuhi na mapema ili usishinde benchi ukisikiliza hadithi za waliotangulia. Njoo umekula. Wengi hufunga wakisikia neno upasuaji, lakini kwa sindano ya ganzi njaa ni adui, kwani njaa ikikutana na woga mtu huzimia. (Anayelazwa usingizi kabisa ndiye anayefunga, na ataambiwa saa.) Baada ya sindano unaweza kusikia moyo ukienda mbio kwa dakika moja au mbili. Mara nyingi ni adrenalini iliyochanganywa kwenye ganzi ili ikae muda mrefu na damu isitoke nyingi, hupita yenyewe. Ganzi huondoa maumivu, haiondoi kusukumwa. Utasikia ninavyosukuma, na mashine itapiga kelele karibu na sikio. Ukinyanyua mkono wa kushoto, nasimama. Nikimwahidi mgonjwa hivyo natimiza, kwa sababu mtu akishajua anaweza kunisimamisha, mara nyingi hanisimamishi.

Usisubiri shavu livimbe ndipo uje. Penye usaha ganzi hushika kwa shida, na hapo ndipo huzaliwa zile hadithi za "niling'olewa nikiwa nasikia kila kitu".

Sasa tundu lenyewe. Jino likitoka, damu hujaa pale na kuganda. Bonge lile ndilo kifuniko cha mfupa wa taya, na ndani yake ndimo nyama mpya inamoota. Sigara hulishambulia kwa njia nyingi: nikotini hubana mishipa midogo ya damu, gesi ya kaboni monoksidi iliyo kwenye moshi huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, na ule mvuto wa mdomo unaweza kuling'oa bonge lenyewe. Likitoka, mfupa unabaki wazi. Tunaita tundu kavu. Maumivu yake huanza kati ya siku ya pili na ya nne, yanapanda hadi sikioni, mdomo unanuka, na panado haifui dafu.

Tatizo ni kwamba arosto nayo huwa kali zaidi siku ya pili na ya tatu. Siku ambazo bonge ni dhaifu ndizo ambazo mwili unapiga kelele kuliko zote. Kwa hiyo siwaambii wagonjwa wangu "acheni sigara" halafu nikawaacha. Nawaambia tupange saa sabini na mbili, na kama unaweza, wiki nzima. Ya mwisho iwe jana yake jioni. Pakiti na kiberiti visiwe ndani ya nyumba. Kiu ikija, jua kwamba wimbi lake hudumu dakika chache tu: nyanyuka, tembea hadi ufukweni Shangani, kunywa maji kwa kikombe. Usitumie mrija, na dafu limimine kwenye glasi badala ya kulifyonza. Vibandiko vya nikotini vya kubandika kwenye ngozi, ukivipata famasi, bado vina nikotini, ila havina moshi wala mvuto, tuzungumze kwanza. Pombe, uraka ukiwemo, weka kando.

Jino likishatoka, uma gozi, kile kitambaa cha kufungia vidonda, nusu saa bila kuchungulia. Siku ya kwanza usisukutue wala kutematema. Wanaouliza kuhusu udhu nawaambia waingize maji taratibu na kuyaacha yatoke yenyewe, na hukumu yake wamuulize sheikh. Kuanzia kesho yake, maji ya vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi. Kula uji na vitu laini. Korosho na ming'oko visubiri.

Kosa moja lilikuwa langu. Miaka ya mwanzo nilikuwa nauliza, "Bibi, unavuta sigara?" Bibi mmoja kutoka Newala akajibu hapana, na alisema kweli. Siku ya nne alirudi ameshika shavu, tundu limekauka. Nilipomwangalia vizuri nikaona ufizi wa chini umebadilika rangi, pale anapoweka ugoro tangu ujana wake. Hakunificha, sikumuuliza. Nililisafisha tundu, nikaweka dawa yenye mafuta ya karafuu, na maumivu yakaanza kushuka kabla hajatoka mlangoni. Siku hizi nauliza: "Tumbaku ya aina yoyote, ya kuvuta, kunusa au kuweka mdomoni?" Aliporudi kubadilishiwa dawa, kile kikopo cha ugoro alikuwa amemkabidhi mjukuu wake akitunze hadi tundu lifunge.