Virusi vyangu havionekani, mbona niendelee na dawa? DNA, RNA na VVU

Maswali haya hayakosi kwenye foleni za kliniki hapa Nairobi, kwa akina mama hasa.

DNA si ile ya kujua baba wa mtoto?
Ndiyo hiyo hiyo, ingawa kazi yake kubwa haiko mahakamani. Ni nyuzi mbili zilizosokotana, zenye maagizo ya urithi ya mwili mzima. RNA kwa kawaida ni uzi mmoja, na huvunjika upesi. Mwilini mwetu baadhi yake ni nakala za muda: seli hunakili kipande cha DNA, hutengeneza protini, kisha nakala huharibiwa.

Kwa hiyo RNA haibebi urithi?
Kwa binadamu, mimea na bakteria, hapana. Kwa virusi inategemea. Vya homa ya ini aina ya B vina DNA. Vya surua, polio na mafua vina RNA. RNA hunakiliwa kwa makosa mengi, na ndiyo sababu mojawapo ya chanjo ya mafua kubadilishwa mara kwa mara. (Ya surua haibadilishwi, kwa hiyo tusiilaumu RNA kwa kila kitu.)

Na VVU?
Hivyo ni vijanja. Huingia na RNA, huigeuza kuwa DNA, kisha huipachika ndani ya DNA ya seli yako.

Nimeambiwa virusi havionekani. Nimepona?
Bado, dada. Kipimo cha wingi wa virusi huhesabu RNA iliyo kwenye damu. ARV huzuia virusi visizaane, RNA inapungua hadi mashine haiioni. Lakini ile DNA iliyopachikwa imo, imelala ndani ya seli, na ARV haziwezi kuifuta. Ukiacha dawa, virusi kwa kawaida hurudi baada ya wiki chache. Ukizimeza kila siku na vikaendelea kutoonekana, humwambukizi mwenzako kwa ngono.

Mbona mtoto wangu wa wiki 6 alitolewa damu kisiginoni ikadondoshwa kwenye karatasi, badala ya kupimwa kama mimi?
Kipimo chako cha kidole hutafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupigana na virusi. Mtoto amezaliwa na zako, na huweza kukaa nazo hadi miezi 18, kwa hiyo kingemwonyesha ameambukizwa hata kama yuko salama. Maabara hutafuta DNA au RNA ya virusi vyenyewe. Ikiwa unanyonyesha, jibu la wiki 6 si la mwisho: atapimwa tena akiwa na miezi 6, 12 na 18, na baada ya kuacha kunyonya.