Povu la ndimu ukutani si uchafu unaotoka

Katika nyumba za mawe za Mkomani, Lamu, ukuta ukichafuka utaambiwa: "Kamulia ndimu, ni kitu cha asili, hakidhuru." Na kweli, tone likigusa ukuta wa chokaa hutoa povu, mtu akafurahi kuwa uchafu unang'oka. Sivyo. Chokaa ile ni ya matumbawe yaliyochomwa, na asidi ya ndimu, kama ya siki, huila. Povu ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka chokaa inapoyeyuka. Pakikauka, pitisha kidole: palipokuwa laini pana chengachenga. Ukifanya hivyo kila Ijumaa, nakshi za zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zitapoteza kingo zake.

Ndimu hiyohiyo ndiyo dawa ya birika lenye ukoko mweupe wa maji ya kisima, maana ukoko ule ni jamaa wa chokaa. Hapo tunataka uliwe. Sinia la shaba nalo, ndimu na chumvi, kisha suuza upesi.

Ukutani? Kitambaa cha maji kilichokamuliwa, basi. Doa la mafuta lipake povu kidogo la sabuni ya kipande, bila kukwaruza. Na ile siki iliyochanganywa na magadi, wanayoipendea mchemko wake, huuana nguvu humo humo bakulini.