Ukichanganya “borrow” na “lend”, rudi kwenye Kiswahili chako

Nafundisha watu wazima Kiingereza hapa Kisumu, jioni, baada ya kazi. Wanafunzi wangu ni wahudumu wa hoteli, wauguzi wasaidizi, wafanyabiashara wa soko la Kibuye na vijana wanaorudia KCSE, mtihani wa kidato cha nne. Karibu wote huja na agizo walilopewa tangu shule ya msingi: ukitaka kujua Kiingereza, acha kufikiri kwa Kiswahili, na lugha ya nyumbani iache getini. Wengine walivalishwa ile disk, kibao cha aibu cha shingoni, kwa kuteleza neno moja la Dholuo au Kiluhya. Mimi nafundisha kinyume cha agizo hilo. Maneno mengi ya Kiingereza yanayotuchanganya hapa kwetu huchanganuka pale tu unapoyaweka kando ya lugha unayoijua tayari.

Chukua “Borrow me your pen.” Mwalimu akishasahihisha, mwanafunzi huandika “lend” siku hiyo, na baada ya wiki kosa limerudi, kwa sababu hakuna aliyeuliza lilikotoka. Limetoka kwenye kuazima. Kitenzi hiki kinafanya kazi pande zote mbili: niazime kalamu, na nimeazima kalamu kwa jirani. Anayetoa na anayepokea wote wanaazima. Ukikariri kwamba azima ni “borrow”, utaitumia kote kote. Sasa weka kalamu pembeni, ufikirie pesa. Simjui mfanyabiashara yeyote wa Kibuye anayechanganya kukopa na kukopesha. Anayekopa ndiye wa “borrow”, anayekopesha ndiye wa “lend”, hata kama kinachotolewa ni kalamu au mwavuli.

Kopa na kopesha zinatenganishwa na kauli ya kutendesha, yaani kumfanya mwingine atende, ile tuliyoisoma kwenye mnyambuliko wa vitenzi. Hapa ndipo ninapopenda kukaa, kwa sababu jozi ngumu kabisa za Kiingereza zimejengwa kwa wazo hilohilo. Zamani, kabla Kiingereza hakijawa Kiingereza, lugha iliyokizaa ilikuwa na kiambishi chake cha kutendesha. Baadaye kiambishi kilimezwa, kikaacha vitenzi viwili vinavyofanana na irabu tofauti katikati. Mabaki yake ndiyo “lie” na “lay”, “sit” na “set”, “rise” na “raise”, hata “fall” na “fell”, ile ya kuangusha mti. Waingereza wenyewe hawasikii tena uhusiano huo, ndiyo maana nao hukosea “lie” na “lay” mara kwa mara. Sisi tunausikia kila siku: lala na laza, keti na ketisha, panda na pandisha, anguka na angusha.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika, sema sentensi yako kwa Kiswahili. Bei ya nyanya imepanda: “The price of tomatoes has risen.” Wachuuzi wamepandisha bei ya nyanya: “The vendors have raised the price.” Kilichopanda chenyewe ni “rise”, kilichopandishwa kina aliyekipandisha, naye anahitaji “raise”. Vivyo hivyo kumbuka na kumbusha. Anayesema “Remember me to buy airtime” alitaka kusema nikumbushe, na nikumbushe ni “remind me”. Jifunza na funza ni “learn” na “teach”, ingawa enzi za Shakespeare “learn” iliweza kubeba maana zote mbili.

“Lie” inastahili sentensi zake, kwa sababu wakati uliopita wake ni “lay”, na hapo hata mwenye bidii huchoka. Alilala ubavu ni “He lay on his side.” Muuguzi alimlaza ubavu ni “The nurse laid him on his side.” Amelazwa ni “laid” pia. Ukiona z kwenye Kiswahili chako, iwe laza au lazwa, tafuta d mwishoni mwa Kiingereza chako cha wakati uliopita. Nawahimiza wauguzi wasaidizi washike hilo moja tu, wasikariri jedwali.

Jambo la pili ni -me-, nalo ndilo linalozaa makosa mengi kuliko yote ninayosahihisha. Shuleni tuliambiwa -me- ni hali timilifu, na hali timilifu ni “has” au “have”. Amefika, “has arrived”. Amekula, “has eaten”. Halafu mtu anamwona msichana mwenye sweta nyekundu, anasema amevaa sweta nyekundu, na Kiingereza kinatoka “She has worn a red sweater.” Katika ripoti za usiku nasoma “The patient has slept” mahali ambapo mwandishi alimaanisha mgonjwa yuko usingizini wakati huo. Anayeipokea zamu asubuhi ataelewa kwamba mgonjwa alipata usingizi, na huenda sasa yuko macho. Hayo ni mambo mawili tofauti kwa daktari.

-me- ya Kiswahili inafanya kazi mbili. Inasema tendo limekwisha, na inasema hali iliyotokana na tendo hilo bado ipo. Amesimama, ameketi, amelala, amevaa, ameshika, amechoka, amekufa: zote hizi tunazisema tukimtazama mtu akiwa katika hali hiyo. Kiingereza kwa hizi hakitaki “has”. Kinataka “is standing”, “is sitting”, “is asleep”, “is wearing”, “is holding”, “is tired”, “is dead”. Swali la kujiuliza ni moja: je, hali bado ipo mbele yangu? Ikiwa ipo, tumia “is”.

Ukishalielewa hilo, unapata zawadi nyingine. Watu husumbuka na “put on” na “wear”, na hapa Kenya utasikia “She is putting on a red sweater” juu ya mtu aliyevaa tangu asubuhi. Kiswahili kinatenga vizuri kabisa. Anavaa, mkono mmoja bado haujapita kwenye sweta, ni “is putting on”. Amevaa ni “is wearing”. Anaketi, yaani anajishusha kitini, ni “is sitting down”. Ameketi ni “is sitting”. Anakufa ni “is dying”, amekufa ni “is dead”. Tofauti ya -na- na -me-, ambayo mtoto wa darasa la kwanza hakosei, ndiyo inayokuchagulia neno la Kiingereza.

Yapo pia mahali ambapo Kiswahili kinakudanganya, na nayasema waziwazi darasani. Samaki niliyemnunua ufuoni Dunga: ndani ya niliyemnunua kuna -ye- ya kirejeshi na -m- inayomtaja samaki tena. Kiswahili sanifu kinaruhusu zote mbili. Kiingereza kinaruhusu moja tu, ndiyo maana “the fish which I bought it” lina “it” ya ziada. Likate. Vivyo hivyo ingawa na lakini huweza kuandamana katika sentensi moja ya Kiswahili. “Although” na “but” haziandamani. Neno ushauri ni rahisi: halina wingi, na “advice” pia haina, basi “advices” lisiandikwe, na kitenzi chake kushauri ni “advise”, kwa s.

Swali la kukanusha linahitaji tahadhari zaidi kwa wanaohudumia wageni. Nikikuuliza hujala?, ukajibu ndiyo, nimeelewa kwamba hujala, umekubaliana na nilivyosema. Mgeni akikuuliza “Haven't you eaten?” nawe ukajibu “Yes”, ameelewa kwamba umekula. Kiingereza kinajibu juu ya chakula, hakijibu juu ya swali. Kama hujala, jibu ni “No, I haven't.” Mhudumu aulizwe “Isn't the room ready?” wakati chumba bado hakijasafishwa, ajibu “Yes” kwa nia njema kabisa, na mgeni atabeba mizigo yake kwenda juu.

Kuna maneno yanayochanganywa na sikio kabla hayajafika kwenye sarufi, na KCSE inayaulizia kwenye karatasi ya kwanza, sehemu ya stadi za kuzungumza. Kiswahili kina irabu tano, basi “hut”, “hat”, “heart” na “hurt” zote huangukia kwenye a yetu, na “first” na “fast” pia. “Live” na “leave” nazo huangukia kwenye i. Ndiyo sababu kwenye barua za kuomba kazi nakuta “I leave in Kisumu”, maana yake naondoka nikiwa Kisumu, kwa mtu aliyetaka kusema anaishi hapa. Lakini anayesema Dholuo ana zaidi ya irabu tano mdomoni, ingawa huandika kwa herufi tano. Zimegawanyika makundi mawili kulingana na mahali shina la ulimi linapokaa, na tofauti hiyo iko karibu sana na ile ya “live” na “leave”. Namwambia aitafute kinywani mwake mwenyewe. Lahaja nyingi za Kiluhya nazo hutenga irabu ndefu na fupi, kwa hiyo mwanafunzi wa Vihiga au Kakamega anashika urefu wa “leave” haraka, kisha tunashughulikia ulegevu wa ile i fupi ya “live”.

Sauti ya sh haimo katika Dholuo, na wapo wanaoandika “sip” mahali pa “ship”, au “save” mahali pa “shave”. Hapo Kiswahili kinatufaa tena: tunatamka kwanza shamba, shilingi, shule, mara kadhaa, kisha “ship”, “shave”, “fish”, bila kusimama katikati.